Re: Tungule, bada na mtoto asiyekula ngano

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga,

Daktari wa huku Leicester amethibitisha mwanangu ana ugonjwa wa siliaki. Ngano, shayiri na rai asiguse maisha yake yote. Mwezi ujao tunakuja Makorora kwa bibi yake. Anapenda mno nyanya. Nimpe bila wasiwasi? Na bibi nimwelezeje asidhani tunakikataa chakula chake?

---

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole sana. Nami ninao ugonjwa huo, na sasa niko nyumbani Tanga kwa likizo.

Tungule, yaani hiyo nyanya, haina gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai inayomdhuru. Hatari iko kwenye vinavyoandamana nayo: sosi iliyotiwa unga wa ngano iwe nzito, kisu kilichotoka kukata mkate. Huko Uingereza nafaka zenye gluteni lazima zikolezwe maandishi kwenye orodha ya viambato, kwa hiyo geuza kopo usome.

Hapa nenda soko la Mgandini asubuhi, wakati matenga ya Lushoto yanafunguliwa. Usifuate wekundu peke yake. Ishike, iwe na uzito mkononi, kisha inuse penye kikonyo. Isiyonukia iache. Zilizopasuka ni za mchuzi wa siku hiyohiyo. Ambayo haijaiva usiitie frijini, baridi huiua ladha. Hata zile ngumu za dukani huko, ziweke mezani siku mbili tatu uone.

Kachumbari yangu: tungule, kitunguu kilichofikichwa kwa chumvi kikaoshwa, pilipili mbichi, ndimu. Chumvi naitia watu wameshakaa kula, maana hukamua maji. Kwa bada, ule ugali wa muhogo, na samaki, wallahi sijaona chakula kinachonirudisha utotoni kama hicho. Ila samaki asipakwe unga wa ngano kabla ya kukaangwa, na vitumbua uliza kwanza, wapo wanaochanganya ngano.

Kilichoniumiza mimi kilikuwa unga wa mahindi. Mashine ilikuwa imetoka kusaga ngano, nikalala na tumbo siku tatu. Tangu hapo tunanunua makopa, muhogo mkavu, tunatwanga na kuchekecha wenyewe.

Bibi mpigie simu leo, usingoje chapati ziwe mezani. Usimwambie bibi kwamba mtoto "hali ngano", atadhani ni kudeka. Mwambie ngano inamchubua utumbo. Mama yangu alipoelewa hivyo alinitengea sufuria na mwiko, mwiko akaufunga uzi mwekundu, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

---

Ahsante sana shangazi. Nimempigia. Alinyamaza kwanza, kisha akasema kesho anakwenda kununua chungu kipya. Anauliza uji wa ulezi je?

---

Ulezi ni salama. Mwambie aununue punje, auchambue kwenye ungo, maana punje za ngano huingia humo, kisha atwange nyumbani. Na aanze kukitumia hicho chungu kwa mchuzi wa tungule.