Mkandarasi katupangia ngazi za data bila kukanyaga diko hata moja

Wakuu, nimevumilia miezi, leo natoa ya moyoni.

Mimi ni karani wa takwimu za uvuvi hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Wenzangu wako madikoni, pale mashua zinaposhusha samaki, alfajiri na mapema, wanapima samaki na kuandika daftarini: mashua fulani, changu kilo kadhaa, tafi kadhaa, pweza kadhaa. Mimi naingiza. Mradi ukaleta mkandarasi, simtaji jina, atujengee mchemraba wa data (data cube), yaani takwimu zilizopangwa kwa ngazi, ili mtu aanze na jumla ya kaunti, ashuke hadi wadi, hadi diko, hadi mashua moja. Wazo zuri kabisa. Alichotukabidhi ni balaa.

Mahali pote kaparundika kwenye jedwali moja la mzazi na mtoto, yaani kila mahali pamewekwa chini ya pakubwa zaidi, na ufunguo wa kila safu, kile kinachoitambulisha, ni jina. Jina! Huku Pate ni kisiwa, na ndani ya kisiwa hichohicho kuna mji wa Pate, pamoja na miji ya Siyu, Faza na Kizingitini. Lamu ndiyo kaunti, ndiyo kisiwa, ndio mji. Basi Pate imekuwa mzazi wa Pate, na ukiuliza kilo za mji hujui umepewa za mji au za kisiwa kizima. Namba ya kipekee kwa kila mahali ingemaliza neno. Mtoto wa shule angemwambia, lau angeuliza.

Tena kalazimisha wadi ikae chini ya kisiwa. Wadi ya Kiunga ina Kiwayu kisiwani na Kiunga yenyewe bara, sasa utaiweka wapi? Hizo ni njia mbili tofauti, kaunti-wadi-diko na kisiwa-diko, zikutane chini kwenye diko. Nilimchorea kwenye karatasi. Akaikunja akatia mfukoni.

Kwenye tarehe ndiko nilikoshika kichwa. Ufunguo wa mwezi ni namba ya mwezi peke yake, haukuunganishwa na mwaka, kwa hiyo Januari zote zimesukumwa kwenye mwaka mmoja na miaka mingine haina Januari. Halafu hakuna msimu! Mvuvi wa huku anahesabu kaskazi na kusi. Kaskazi inaanza mwisho wa mwaka na kuingia mwaka unaofuata, ukiikata tarehe 31 Desemba umeivunja vipande viwili. Wakati wa kusi bahari imechafuka na mashua ndogo nyingi hazitoki, kwa hiyo kulinganisha robo mwaka bila msimu ni kumwonea mvuvi. Na mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, nao haumo.

Lililonitoa machozi ni hili. Kuna mashua iliyokuwa ikishusha Kizingitini miaka yote, mwenyewe akahamia Amu. Mfumo haukumfungulia safu mpya yenye tarehe ya kuanza, umefuta diko la zamani na kuandika jipya. Papo hapo kilo zake zote za nyuma zikahama naye. Nikafungua ripoti nikaona Kizingitini imeporomoka, miaka ambayo mimi mwenyewe niliingiza daftari zao kwa mkono wangu, kurasa zimeloa maji ya chumvi hadi wino unasambaa. Watu wale wanaomba barafu ya kuhifadhia samaki. Ofisini wanajibiwa kwamba takwimu zinaonyesha hawavui kiasi hicho.

Nimelalamika mara tatu. Jibu lake: marekebisho ni kazi mpya, na kazi mpya ina malipo mapya. Haiwezekani! Kosa ni lake na pesa kashachukua.

Naomba msaada kwa aliyewahi kupitia haya. Nikibadilisha ufunguo wa ngazi ya diko wakati data imeshajaa, lazima nichakate mchemraba wote upya tangu mwanzo? Na historia ya zile mashua zilizohama naweza kuirudisha kutoka daftari, au nianze na zilizohama mwaka huu kwanza? Daftari ninazo zote, sijatupa hata moja.