Mikono inatetemeka tangu nianze valproeti

Habari wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, niko Majengo, Moshi. Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kutumia sodiamu valproeti kwa ajili ya hali yangu ya hisia kupanda na kushuka. Kifafa sina, ingawa muuza dawa aliniuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima! Kichwa kimetulia, kweli. Ila kupitisha uzi kwenye tundu la sindano mpaka nimwite mtoto. Nywele zinabaki kwenye kitana, na gauni la Pasaka zipu haipandi. Niache?

Jibu: Dada, usiache ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Hayo yote matatu dawa hiyo huyaleta. Mimi daktari alinipunguzia dozi, mtetemo ukapungua. Omba na kipimo cha ini. Macho yakiwa ya njano au ukitapika mfululizo, usingoje siku ya kliniki.

Jibu: Pole sana. Bado unazaa? Valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, uti wa mgongo na hata akili. Mimi nilihamishiwa dawa nyingine, lamotrijini. Dozi yake hupandishwa taratibu mno, na upele ukitokea unakimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Muulizaji: Asanteni. Habari za uzazi hakuna aliyeniuliza. Jumatatu naenda, na kitana nakibeba.