Kuchapa jarida la kompyuta za nyumbani: riso, dijitali au ofseti?

mhariri_jinja
Habari za humu. Kikundi chetu cha wapenzi wa kompyuta za nyumbani (zile za miaka ya 1980: Commodore 64, ZX Spectrum, BBC Micro, na wale wanaozifufua ndani ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kisasa) tunatoa jarida. Wote tunajitolea, hakuna anayelipwa. Makala ziko tayari. Nimezunguka Nasser Road pale Kampala nimepata machaguo matatu: riso (mashine ya kurudufu), dijitali (moja kwa moja kutoka kwenye faili) na ofseti (mtambo wa pleti). Bei zimepishana mno. Ijumaa natakiwa kuweka arbuni. Mngechukua ipi?

fundi_bombo
Nakala ngapi? Kurasa ngapi? A4 au A5? Rangi au nyeusi tupu? VAT ya asilimia 18 imo kwenye hizo bei, au utadaiwa siku ya kuchukua mzigo? Ssebo, unaagiza suti bila kutoa vipimo.

mhariri_jinja
Ni nnyabo (bibi), si ssebo (bwana) 😀 A5, kurasa 30, ndani nyeusi, jalada rangi. Bei siziweki hapa, kuna wachapaji wanasoma humu.

BiZaina_Mbale
Kurasa 30 haziendi ukibana pini katikati. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwa hiyo ni 28 au 32. Amua mwenyewe kabla hawajakuamulia, maana watakuongezea kurasa mbili tupu na utazilipia. Na nakala ngapi bado hujasema.

kibodi64
Dijitali, basi. Ofseti waachie watu wa kalenda na mabango ya kampeni. Lazima zitengenezwe pleti kwanza (mabamba yenye sura ya ukurasa), jalada la rangi peke yake ni pleti nne, na hizo unazilipia hata kama unataka nakala kumi. Dijitali unachapa chache, zikiisha unarudi.

mwalimu_riso
Mbona mnairuka riso? Shule nyingi zinaitumia kwa mitihani. Inatengeneza masta (stensili) moja kwa kila ukurasa, baada ya hapo ni wino na karatasi tu, na inatema zaidi ya kurasa 100 kwa dakika. Kwa ndani nyeusi hakuna kinachoishinda kwa bei. Ila usiipe karatasi ya kung'aa. Wino wake unakauka kwa kunywewa na karatasi, kwenye glosi utabaki vidoleni mwa wasomaji. Chukua ya kawaida ya gramu 80, jalada likachapwe dijitali kwingine.

fundi_bombo
Mimi mashine hainisumbui, linalonisumbua ni faili. Tulichapa kijitabu cha programu za BASIC, lugha ya kompyuta hizi, kwa vijana wa mtaani kwetu wazinakili wenyewe kwa kibodi. PDF safi, fonti zimo ndani. Kijana wa dukani akaifungua kwenye CorelDRAW, programu ya kuchora, ati "nasawazisha pembeni kidogo". Kompyuta yake haina fonti yetu, ikaweka ya kwake. Yetu ilikuwa na sifuri yenye mkwaju, yake sifuri na O ni mapacha. Hilo lingevumilika. Balaa ni kwamba herufi zilikuwa pana zaidi, kwa hiyo mistari mirefu ikakatika. Tulikuwa na mstari wa 200 wenye DATA nyingi (namba ambazo programu inazisoma), na mwisho wake ulikuwa 169,0,141,32,208, yaani amri za kufanya pambizo ya skrini ya Commodore iwe nyeusi. Kipande hicho chote kikaangukia chini, peke yake. Vijana wanaandika kama walivyoona: wakifika mwisho wa mstari wanabonyeza RETURN, wanaanza 169,0,141... Kompyuta ikiona namba mwanzoni inajua huo ni mstari mpya, mstari wa 169! Ukiendesha, inakwambia ?SYNTAX ERROR IN 169. Wanarudi kwenye kijitabu kutafuta mstari wa 169, haupo. Mmoja alinipigia simu usiku, ana uhakika tumechana ukurasa. Dukani nako? "Tumechapa mlicholeta." Hela haikurudi.
Kwa hiyo nnyabo, dai nakala moja ya karatasi kabla hawajachapa zote, kaa chini usome kurasa za programu namba kwa namba. Na mwambie kwa mdomo: PDF hii isiguswe.

mzee_tape
Ndiyo maana wazee walikuwa na ukaguzi. Jarida la Compute!'s Gazette mwaka 1983 walitoa programu ndogo, Automatic Proofreader. Ukimaliza kuandika mstari inakuonyesha namba, unalinganisha na iliyochapwa kando ya mstari huo. Zikitofautiana umekosea. Wekeni kitu kama hicho.

BiZaina_Mbale
Au weka alama ya QR, mtu apakue programu nzima.

kibodi64
QR inaua raha yote. Jarida la kompyuta za nyumbani bila kuandika programu kwa mkono ni la nini?

BiZaina_Mbale
Kwani nimesema mfute programu zilizochapwa? Mwenye kazi na watoto naye asome.

opio_arua
Mnapanga kurasa kwa programu gani? Mimi ni Publisher tu, nimeizoea.

mwalimu_riso
Publisher Microsoft wanaiondoa Oktoba 2026. Toleo la kwanza la jarida halijatoka, unataka wahame tayari? Scribus ni ya bure na inatoa PDF yenye rangi za CMYK, zile nne za wino wa uchapaji.

opio_arua
Scribus ukibadilisha neno moja kwenye hadithi ndefu inakwama. Usinianze.

mhariri_jinja
Nakala 120 nadhani, au 300 wenzetu wa Nairobi wakikubali. Halafu kurasa nne za katikati ni picha za skrini, za rangi.

fundi_bombo
Sasa ndiyo unasema!

mwalimu_riso
Najiondoa kwenye hizo nne. Riso ni rangi moja moja, kila rangi na dramu yake (silinda ya wino).

kibodi64
Nilisema dijitali. Na hizo picha msizinyooshe ovyo: skrini ya Spectrum ni nukta 256 kwa 192, ukiichapa hivyo kwa nukta 300 kwa inchi inatoka na upana wa sentimita 2 tu. Ikuze mara tano kamili bila kulainisha, itafika karibu sentimita 11, inakaa vizuri kwenye A5. Ukilainisha zinakuwa uji.

mzee_tape
Mkihitaji picha za Commodore halisi, mimi ninayo Mukono, na adapta yake nyeusi ya zamani. Naiwasha Jumamosi niwapigie.

kibodi64
Mzee wangu, SUBIRI. Adapta hizo zikizeeka upande wa volti 5 hupanda bila dalili yoyote, zinaunguza chipu za kumbukumbu. Una mita?

mhariri_jinja
Jamani, Ijumaa! 28 au 32? Na zile nne zikachapwe kando au jarida zima liende dijitali?

BiZaina_Mbale
32. Hilo la pili litategemea Nairobi, wapigie.

mzee_tape
Mita inasoma 5.9.

kibodi64
Usiichomeke kwenye mashine! Umeiweka kwenye nini hiyo mita, DC au AC?