BATI LA BI MKUBWA (kikundi cha familia)

*Jumamosi*

Dada Rehema 07:12
Asalaam alaykum. Masika haya hapa na nyumba ya Bi Mkubwa bado ina kenchi tupu. Tulisema laki moja kila mtoto, wajukuu elfu thelathini, na ya kutolea juu. Mpaka leo wametoa watatu.

Dada Rehema 07:15
La pili, la haraka. Jana Mama Mdogo kapata meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii." Alikuwa na laki mbili za fundi mkononi, akajua ni fundi. Bado kidogo atume! Hawa hawamjui fundi wetu. Wanatupa ndoana kwa watu wengi, humkosi mwenye hela ya kutuma.

Hamisi 09:40
Mimi wananiita nijiunge freemason kila wiki 😂

Asha 09:41
Anko ungejiunga tungeshaezeka 😂😂

Dada Rehema 09:43
Jamani. Mama Mdogo, ujumbe huo ufowadi kwenda 15040, wakikuuliza namba ya tapeli uwaandikie. Na mtandao hupiga kwa 100 tu. Namba nyingine ikikuuliza namba ya siri, kata.

Mama Mdogo 13:20
Ujumbe huu umefutwa

Salim Marekani 18:02
Samahani, nilikuwa zamu. Dola 300 zangu zipo. Ila tangu Januari 2026 ukituma kwa pesa taslimu huku unakatwa kodi asilimia 1. Kutoka akaunti ya benki haikatwi, basi ngojeni Jumatatu.

Asha 18:05
Bibi hatodaiwa kodi huko kwenu kwa kupokea?

Salim Marekani 18:11
Hapana. Fomu ya kodi ya zawadi hujaza mtoaji, tena akimpa mtu mmoja zaidi ya dola 19,000 kwa mwaka. Mimi niko mbali sana na huko.

Hamisi 18:15
Zinatumwa kwa nani? Maana za kisima zilipita kwa mtu mmoja, na maji tunachota kwa jirani hadi leo.

Dada Rehema 18:16
Nitaje jina, Hamisi.

Hamisi 18:16
2021. Ulituambia tozo imekula. Tozo gani ya laki nne?

Baba Mkubwa 20:47
Nimesoma yote. Fedha ya kisima niliichukua mimi, nikamlipia Yusufu hospitali. Nilimwomba Rehema anisitiri, akanisitiri. Asiulizwe tena.

Hamisi 21:30
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

Hamisi 21:34
Dada, nisamehe.

*Jumapili*

Dada Rehema 06:05
Fundi anataka jibu leo. Salim, tuma moja kwa moja kwa Bi Mkubwa. Jina likija lake ndiyo ubonyeze. Wengine mnasemaje?

Asha 11:52
Mimi mwisho wa mwezi in shaa Allah 🙏

Mama Mdogo 16:18
Bi Mkubwa ana laini mbili. Atume ipi?