Je, udongo duni humaanisha nondo wachache? Pugu na vichaka vya matumbawe

Mdadisi wa Kisarawe
Ndugu wanajukwaa, naandaa utafiti wa shahada ya kwanza kuhusu nondo (wadudu wa jamii ya vipepeo, ambao wengi huruka usiku) wa misitu iliyo karibu na Dar es Salaam. Nakusudia kulinganisha msitu wa Pugu, kwenye vilima vya kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi), na vichaka vya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe, ambako udongo umejikusanya kwenye nyufa tu na maji ya mvua hupotea upesi. Je, ni sahihi kuanza na dhana kwamba udongo ukiwa duni, nondo nao watakuwa wachache?

Mwalimu wa Baiolojia
Ndugu Mdadisi, tenganisha kwanza wingi wa nondo na aina zao. Udongo humfikia nondo kupitia jani analokula kiwavi, yaani mtoto wake. Mwaka 1974 mwanaikolojia Daniel Janzen alitoa hoja kwamba mti ulioota penye virutubisho haba hupata hasara kubwa unapopoteza jani, kwa hiyo huyalinda majani yake kwa kemikali nyingi. Paul Fine na wenzake walilipima jambo la jinsi hiyo nchini Peru na kuchapisha matokeo mwaka 2004: walipandikiza miche ya udongo wa mfinyanzi kwenye mchanga mweupe, na ile ya mchangani kwenye mfinyanzi, kisha wakaikinga baadhi yake dhidi ya wadudu. Miche ya mfinyanzi ilistawi hata mchangani ilipokingwa, lakini ilipoachwa wazi ilishindwa na wenyeji wa mchanga. Kwa hiyo unaweza kupata nondo wachache kwa idadi, huku baadhi yao wakiwa wa aina zinazomudu majani hayo magumu. Swali lenye uzito kwako ni aina zipi zinapatikana wapi.

Mama Viwavi
Naafikiana na Mwalimu, ila udongo humgusa nondo moja kwa moja pia. Viwavi wa jamii nyingi, wakiwemo nondo wakubwa wanaoruka kwa kasi na kufyonza maua jioni, hushuka mtini wakajichimbia ardhini ili wageuke pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Penye jiwe tupu la matumbawe watajichimbia wapi? Kusanya viwavi na uwalee kwenye chupa pamoja na majani ya mti uliowakuta, ukiandika jina la mti huo, kwa sababu nondo aliyevutwa na taa huenda ametoka msitu mwingine kabisa. Nina shaka pia na visiwa hivyo: ukikuta tofauti, utajuaje kama chanzo ni matumbawe au ni bahari iliyo katikati? Tafuta kichaka cha matumbawe upande wa bara.

Mkaguzi wa Taa
Kuhusu mbinu, taa ya kuwavuta nondo usiku na shuka jeupe la kutua viwe vya namna moja kila mahali, na ukusanye siku za giza, kwani mbalamwezi hupunguza sana nondo wanaokuja kwenye taa. Usiwashe karibu na machimbo ya zamani ya Pugu yenye popo, maana wengi wao huwinda wadudu. Kwa kuwa sampuli zako hazitalingana kwa ukubwa, tumia alfa ya Fisher, kipimo cha wingi wa aina kisichoyumbishwa sana na ukubwa wa sampuli, kilichotolewa mwaka 1943 na kujaribiwa kwa takwimu za nondo wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza.

Mdadisi wa Kisarawe
Nawashukuru sana. Visiwa naviondoa, na ulezi wa viwavi nauingiza kwenye pendekezo. Mama Viwavi, pupa waliojichimbia niwawekee udongo wa msitu wenyewe, au mchanga wa kawaida unatosha?

Mama Viwavi
Wawekee wa msitu wenyewe, uliochekechwa na wenye unyevu kidogo, usiolowa. Ukilowa huota ukungu na pupa hufa.