Polisi wa Marekani akiitaka simu yako: lazima uitoe? Lazima uifungue?

kisiwa_mbali

Wakuu, salaam. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua sheria ya Marekani, maana kila kikundi cha WhatsApp cha Waswahili huko kina jibu lake.

Moja: polisi amesimamisha gari kwa sababu ya taa mbovu, halafu anasema "hebu nipe simu niangalie kidogo." Kukataa ni kosa?

Mbili: simu inayofunguliwa kwa kidole au uso na ile ya nambari ya siri, mbele ya sheria ni kitu kimoja?

Tatu: ukirudi kutoka Dar au Mombasa, afisa wa mpakani pale uwanja wa ndege akiitaka simu, haki ni zile zile?

Tafadhali msiniambie tu "ona wakili." Wakili ataonwa, lakini saa tano za usiku kando ya barabara kuu wakili hayupo.

---

mezani_kwa_sheria

Nalijibu la kwanza, kwa sababu ndilo watu wanaloumia nalo zaidi.

Kukataa si kosa. Msingi wake ni Marekebisho ya Nne ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayomlinda mtu, nyumba yake, karatasi zake na vitu vyake dhidi ya upekuzi usio na sababu. Kwa simu, kesi ya kushika ni Riley dhidi ya California, ya Juni 2014. Riley alisimamishwa San Diego mwaka 2009 kwa usajili wa gari uliokwisha muda, gari likapekuliwa, silaha zikapatikana, kisha polisi wakaingia kwenye simu yake bila hati, yaani ruhusa ya upekuzi iliyosainiwa na jaji. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana: hata mtu akiwa tayari amekamatwa, polisi aipekue simu kwa hati ya jaji tu. Serikali ilidai simu ni kama kitu kingine chochote cha mfukoni. Jaji Mkuu Roberts akajibu kwamba hiyo ni sawa na kusema kupanda farasi na kuruka hadi mwezini ni jambo moja.

Sasa tatizo. Haki yote hiyo inayeyuka kwa neno moja: "sawa." Ukiridhia mwenyewe, hati haihitajiki tena. Na tangu kesi ya Schneckloth ya mwaka 1973, polisi halazimiki kukwambia kwamba una haki ya kukataa. Mtu aliyelelewa kumwitikia askari "haya, afande," kwa adabu tu, anatoa ridhaa ya kisheria bila kujua. "Haya" ya kumtuliza mtu, mahakamani inasomeka kama ruhusa. Kwa hiyo sentensi hii ijifunzeni kwa Kiingereza mpaka itoke bila kufikiri: "I do not consent to searches" (sikubali kupekuliwa). Maneno sita, kwa sauti ya kawaida. Ukishasema, nyamaza.

Mambo yanayoharibika hapo barabarani:

Bima. Watu wengi wanaweka kadi ya bima ndani ya simu, polisi akiiomba wanampa simu nzima ikiwa wazi, naye anaondoka nayo hadi kwenye gari lake. California sheria inamkataza kuangalia kitu kingine zaidi ya hiyo bima, ila sheria hiyo hiyo inasema simu ikiharibika mikononi mwake hasara ni yako. Chapisha karatasi ya bima, iweke kwenye droo ya gari pamoja na kadi ya usajili. Senti chache tu, na simu inabaki kwako.

Kuvutana. Polisi anaweza kuishikilia simu wakati anaomba hati, akaiweka hata kwenye mfuko wa alumini unaozuia mawimbi. Akiichukua kwa nguvu, usimnyang'anye. Rudia sentensi yako. Jaji anaweza baadaye kukiondoa kwenye kesi kilichopatikana bila hati, lakini kumsukuma polisi ni kesi mpya kabisa.

Kufuta. Usianze kufuta picha au ujumbe ukiona taa za buluu nyuma yako. Kuharibu ushahidi ili kuzuia uchunguzi wa serikali kuu kuna adhabu ya hadi miaka 20 jela, na majimbo nayo yana sheria zao. Nimeona ushauri wa namna hiyo ukisambazwa kwenye vikundi. Unawapeleka watu jela.

Karatasi. Ukionyeshwa "hati," angalia aliyeisaini. Fomu I-200 ya uhamiaji husainiwa na afisa wa uhamiaji, si jaji. Ni ya kumkamata mtu. Haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuingia kwenye simu.

---

fundi_wa_kufuli

Swali la pili: hapana, si kitu kimoja, na mahakama zenyewe zinavutana.

Marekebisho ya Tano yanakataza mtu kulazimishwa kuwa shahidi dhidi yake mwenyewe. Nambari ya siri imo kichwani. Kuitamka ni kama kutoa ushahidi. Mahakama za juu za Pennsylvania (2019) na Indiana (2020) zilikataa mtu kulazimishwa kuitoa. Massachusetts (2019) na New Jersey (2020) zikaruhusu. Kidole kinatazamwa zaidi kama sehemu ya mwili, kama damu inayotolewa kwa kipimo: Minnesota ilisema hivyo mwaka 2018, na mahakama ya rufaa inayohudumia California, Arizona na jimbo la Washington ikasema hivyo mwaka 2024. Kisha Januari 2025 mahakama ya rufaa ya jijini Washington, D.C., ikasema kumlazimisha mtu afungue simu kwa kidole gumba ni kumlazimisha atoe ushahidi. Hakuna jibu moja la nchi nzima. Kwa leo nambari ina kinga kubwa kuliko kidole, na ni kinga inayotegemea uko jimbo gani.

Kwa vitendo: kwenye iPhone zinazofunguliwa kwa uso, bonyeza na ushikilie kitufe cha pembeni pamoja na kimoja cha sauti kwa sekunde kama mbili. Skrini ya kuzimia ikitokea, uso haufanyi kazi tena mpaka nambari iingizwe. Kwenye Android, shikilia kitufe cha kuwashia uchague Lockdown. Kwenye baadhi ya simu chaguo hilo huwa limefichwa, liwashe mapema kwenye mipangilio ya skrini iliyofungwa. Fanya haya kabla ya safari, simu ikiwa mkononi. Usifanye polisi akiwa dirishani. Akiwa dirishani mikono ikae juu ya usukani, maana mkono unaozama mfukoni gizani umewahi kuwagharimu watu maisha.

Urefu wa nambari una maana kuliko watu wanavyodhani. Tarakimu 4 ni michanganyiko 10,000, tarakimu 6 ni 1,000,000. Chipu ya iPhone imetengenezwa ili kila jaribio lichukue takriban milisekunde 80. Kifaa cha upelelezi kikifanikiwa kukwepa vile vizuizi vya kusubiri kila nambari ikikosewa, tarakimu 4 zinaisha ndani ya dakika 14, tarakimu 6 ndani ya saa 23. Herufi ndogo zikichanganywa na tarakimu, jumla 6, ni zaidi ya miaka 5.

Na simu iliyozimwa ikawashwa bila kufunguliwa hata mara moja ni ngumu zaidi kuvunja kuliko iliyofungwa skrini tu, kwa sababu funguo za kusomea data bado hazijapakiwa kwenye kumbukumbu.

---

lango_la_kuingilia

La tatu, na hapa naomba msisome kwa haraka. Mpakani si barabarani. Mahakama ya Juu haijaihamishia kanuni ya Riley mpakani. Serikali ina mamlaka ya zamani ya kupekua kinachoingia nchini, na mahakama zinaendelea kuyatambua. Mahakama ya rufaa ya eneo la Boston iliyabariki tena mwaka 2021. Ile inayohudumia Los Angeles na Seattle inataka shaka ya msingi (sababu inayoelezeka ya kumshuku mtu) kabla ya uchunguzi wa kina wa mashine (2013). Ile inayohudumia Miami na Atlanta ilisema mwaka 2018 kwamba hata shaka haihitajiki. Yaani ndege inatua wapi, nalo ni jambo.

Mwongozo wa forodha wa Januari 2018 unagawa upekuzi sehemu mbili. Wa kawaida: afisa anapitia simu kwa mkono, bila kuhitaji sababu. Wa kina: simu inaunganishwa na mashine na kunakiliwa, huo unahitaji shaka ya msingi au suala la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wake. Katika yote mawili simu inatakiwa ikatwe mtandao, kwa sababu afisa anaruhusiwa kuona kilichomo ndani ya simu, si kilichoko kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni nje ya simu. Washa hali ya ndegeni mwenyewe kabla hujafika dirishani.

Ukikataa kufungua, matokeo yanategemea hadhi yako. Raia hawezi kuzuiwa kuingia kwa sababu hiyo, ila anaweza kucheleweshwa na simu ikabaki. Mkazi wa kudumu kwa kawaida naye haondolewi hivi hivi. Asikubali kusaini fomu yoyote ya kuachia ukazi. Mwenye viza anaweza kurudishwa, na hapo ushauri wa mezani_kwa_sheria haumfai hata kidogo. Simu ikishikiliwa, dai risiti, fomu 6051D, usome kama imeandikwa sawasawa. Kwa kawaida haipaswi kukaa zaidi ya siku 5 bila idhini ya juu zaidi.

Usidanganye. Kumdanganya afisa wa serikali kuu ni kosa la hadi miaka 5. "Sitajibu" na "si yangu" ni vitu viwili tofauti kabisa.

---

kisiwa_mbali

Shukrani sana wakuu. Nyongeza: wakishindwa simu, si wanaenda tu kwa kampuni? Meseji za WhatsApp, na mahali ulipokuwa?

---

mezani_kwa_sheria

Wanaenda, ndiyo. Mahali ulipokuwa: kesi ya Carpenter, Juni 2018, kura 5 kwa 4. Polisi walipata kwa kampuni za simu rekodi za minara za siku 127, pointi 12,898 za mahali mtu mmoja alipopita, bila hati kamili. Mahakama ikasema rekodi za siku 7 au zaidi zinahitaji hati. Kabla ya hapo, tangu kesi ya Smith ya mwaka 1979, ulichomkabidhi mtu wa tatu kilihesabika huna siri nacho.

Mwanya uliobaki ni ununuzi. Programu za bure huuza mienendo yako kwa wafanyabiashara wa data, na idara za serikali hununua kama mteja mwingine. Mswada wa kuuziba ulipita Baraza la Wawakilishi Aprili 2024, Seneti haikuupitisha. Ufute utambulisho wa matangazo, yaani namba inayowawezesha wenye matangazo kuitambua simu yako: Android ni Mipangilio, Faragha, Matangazo, iPhone kataa programu zote zinazoomba kukufuatilia.

---

fundi_wa_kufuli

Na WhatsApp: meseji zinasimbwa njiani, yaani zinageuzwa zisisomeke na mtu wa kati, lakini nakala rudufu iliyoko Google au iCloud haifungwi kwa ufunguo wako mpaka wewe uamue. Kampuni ikipokea hati ya jaji, inatoa ilichonacho. Ingia Mipangilio, Gumzo, Nakala rudufu, washa usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Utachagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Andika kwenye karatasi, weka nyumbani. Ukipotea, hakuna wa kukurudishia gumzo zako. Halafu mwambie na unayeongea naye afanye hivyo hivyo, kwa sababu mazungumzo yenu yamo kwenye nakala yake pia.