Tunataka mfuko wa usafiri wa wajawazito kijijini, tuanzie wapi?

Mwana_Kaliua: Habari zenu wakuu. Niko Tabora ndani ndani huku, zahanati tunayo ila kituo cha afya chenye upasuaji ni kilomita 38, na masika udongo mweusi ukishalowa hata pikipiki inaomba kusukumwa. Mwezi wa tatu mke wa kaka yangu kaanza kutoka damu saa saba usiku, bodaboda anataka elfu 60 mkononi ndo awashe, tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na tochi ya simu kuchangisha. Akapakiwa mshikaki, kaka nyuma kamshika na kanga ya kumfunga. Alipona, mtoto hakupona. Sasa watu wanasema tuchange kila kaya buku kwa mwezi. Kuna waliowahi kufanya hivi? Naomba kujuzwa.

dere_wa_noah: Pole sana mkuu. Mngepiga 115, ni bure mtandao wowote, ndo m-mama hiyo, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, toka 2022 imeanza kusambazwa nchi nzima. Ukipiga wanakuuliza hali ya mgonjwa, ambulensi isipokuwepo wanamtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa karibu yenu. Mimi ni mmoja wao, nikimfikisha mama na hospitali ikathibitisha hela inaingia kwenye simu, mgonjwa hanilipi hata mia. Muulizeni mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya kama kuna dereva upande wenu, kama hakuna pelekeni jina la mtu wenu, bora huyo anayejua njia za mkato kuliko wa mjini.

Nesi Mstaafu: Dereva kasema vizuri ila niongezee, 115 ni ya dharura, mama aliyejifungua na kichanga pia wanahusika, lakini uchungu wa kawaida siyo dharura, hapo ndo mfuko wenu una kazi. Halafu mwanangu ulizia chumba cha mama ngojea, kile cha wajawazito kusubiria siku yao karibu na hospitali. Wenye uzazi wa hatari, aliyezaa kwa kisu, mapacha, presha, walale pale wiki mbili tatu kabla. Nimefanya kazi miaka mingi, vitanda vinakaa tupu siyo kwamba hawajui, mama anakuuliza nesi nitakula nini na wale wanne nyumbani nimwachie nani? Kijiji kikichanga debe la mahindi, maharage na kuni, na bibi mmoja akakubali kukaa na watoto, mmemaliza nusu ya shida bila hata mafuta ya gari. Na wakunga wa jadi msiwafukuze, wapeni kazi ya kumsindikiza mama zahanati, wao ndo wa kwanza kuitwa.

kufuli3: Mimi nawapa tahadhari tu. Takwimu zinasema vifo vya uzazi vimeshuka, toka 556 kwa kila vizazi hai laki moja utafiti wa 2015/16 hadi 104 ule wa 2022, hongera zao, ila mfuko wa kwetu uliliwa na mweka hazina mwaka wa kwanza. Tukahamishia kwenye sanduku la vikoba la kinamama, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Haya saa nane usiku uwaamshe wote watatu? Tulichofanya mwisho, tukakaa na bodaboda mchana kweupe, nauli ikaandikwa, kiangazi bei yake na masika bei yake, dereva anabeba kwa mkopo kikundi kinamlipa asubuhi. Hela haitembei usiku kabisa. Anayegoma anatolewa kijiweni.

Mwana_Kaliua: Asanteni sana, hiyo ya mkopo sikuwaza kabisa. Nimeshaongea na wawili, mmoja kasema 25 mwingine 40 masika, yule wa elfu 60 kaniona akageuza pikipiki. Nesi shikamoo, mahindi yapo mwaka huu, bibi wa kukaa na watoto ndo namtafuta. Mkutano wa kijiji Jumamosi, ntaleta mrejesho.